Onen Tarcisio, Golikipa Aliyeitwa Bubu

Kitendawili, wasikilizaji wapendwa.

Nasikia mmeitikia "tega" huko jikoni, huko juu ya boda boda, huko kwenye malango mnayolinda. Aksanti sana. Basi nawategea.

Nyumba yangu ina ukuta wa nyuzi. Mlango wake ni mpana na haufungwi. Mwenye nyumba hakai ndani, anasimama mlangoni. Siku mgeni akiingia, mwenye nyumba ndiye anayelaumiwa peke yake, hata kama waliomwachia mgeni apite ni watu kumi.

Mmeshindwa? Haya, nipeni mji. Jinja sitaki, nimeshakwenda. Masaka nimeshakwenda. Nipeni Kitgum. Nimekwenda Kitgum, nimekula malakwang, mboga chachu ya kaskazini iliyoungwa kwa ufuta, nimenawa mikono, nimerudi. Jibu ni goli. Goli la mpira wa miguu. Na mwenye nyumba ni golikipa.

Kitgum nimeiomba kwa makusudi. Ndiko alikozikwa Ijumaa mtu ninayetaka kumkumbuka nanyi leo. Jina lake Onen Tarcisio. Alikuwa askari polisi. Alikuwa golikipa wa timu ya taifa ya Uganda, timu yetu ya Korongo, miaka ile baada ya vita vya 1986. Alifariki Jumanne, nyumbani kwake Kyebando, hapa Kampala. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Onen Tarcisio, golikipa wa zamani wa Korongo, amefariki.

Wazee kati yenu labda hilo jina haliwaambii kitu. Nikisema Bubu, mtakumbuka. Naomba nilitaje mara chache tu hilo jina la Bubu, maana mke wake anasikiliza.

Mimi ni bibi yenu Nabintu, niko nanyi kutoka chumba chetu kidogo hapa Old Kampala. Vuteni kiti.

Onen alizaliwa Kitgum, lakini akili yake ilikomaa Nsambya, kwenye kambi ya polisi, kwa sababu baba yake naye alikuwa polisi. Mnajua kambi zilivyo. Nyumba zimepangwa mistari, nguo zimeanikwa mbele, na watoto wa makabila yote wanagombana kwa Kiswahili. Mpira waliucheza nyuma ya bweni la askari wasio na wake. Onen alikuwa mrefu, basi wakamweka golini.

Mikono yake ilifunzwa na matofali. Mafundi walikuwa wanajenga ukuta wa kambi, na vijana waliitwa kusaidia. Fundi wa chini anarusha tofali, wa kati analidaka, analirusha kwa wa juu. Onen alikuwa wa kati. Tofali halikupi nafasi ya pili. Ukilikosa, linakukuta mguuni. Mwenyewe aliniambia, siku moja tukiwa tumekaa kwenye kibaraza chake, "Bibi, baada ya tofali, mpira ni mto wa kulalia."

Na alikuwa na sauti. Hili mlishike, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu watu walilisahau kabisa baadaye. Onen alikuwa na sauti kubwa. Alimwita kila beki kwa jina lake, kutoka dakika ya kwanza mpaka ya mwisho. Rafiki yake mkubwa, kijana wa kambini aliyeitwa Olal, alicheza beki wa kati, mbele yake kabisa. Olal alikuwa anamwambia, "Wewe Onen, kwa kelele zako kuku wa Nsambya wameacha kutaga." Na Onen anajibu, "Olal, kaa kushoto, kuku si wako." Hivyo ndivyo walivyocheza. Walikua pamoja, wakaingia polisi pamoja, wakavaa jezi ya timu ya polisi pamoja.

Vita vikaisha, serikali mpya ikaingia. Nyie mliokuwa Kampala mwaka huo wa 1986 mnajua ilivyokuwa kwa watu wa kaskazini, walikotoka askari wengi wa serikali iliyoanguka. Mtu akikusikia unavyotamka neno, anakuuliza umetoka wapi. Askari wa zamani waliitwa mmoja mmoja wakahojiwa. Onen na Olal wakahojiwa nao. Wakaambiwa wabaki kazini. Lakini ukibaki kazini, bado mtaani watu wanakutazama viatu, wanakutazama usoni, wanakaa kimya mpaka umepita.

Mpira ndio uliowafungulia milango. Timu ya polisi ilicheza vizuri, wote wawili wakaitwa Korongo. Mke wa Onen anasema siku hiyo muuza nyanya wa soko la Nakasero, ambaye hakuwahi kumwitikia salamu, alimwongezea nyanya mbili na kumwambia, "Hizo za golikipa." Mke akazila mbichi njiani, moja baada ya nyingine. Anasema hazikuwa tamu sana, lakini anazikumbuka kuliko nyanya zote.

Mke huyo ni Akullo. Na Akullo ni dada yake Olal.

Hapo ndipo pana jambo la kueleza polepole. Mama yao Olal na Akullo, Mungu amrehemu, aliitwa mama Alanyo. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, anayependa adabu kuliko chakula. Onen alipokuja kumwomba Akullo, mama Alanyo alikubali. Kisha akamkalisha chini, Olal naye yupo. Akasema, "Sikiliza, mwanangu. Kuanzia leo Olal si rafiki yako. Ni kaka wa mke wako. Kwetu, kaka wa mke ni kama baba mkwe. Humpazii sauti. Humwiti jina. Jina lake limekufia mdomoni mwako."

Onen akajibu, "Nimesikia, mama."

Mama Alanyo akasema, "Na ukisahau?"

Onen akasema, "Nitakuwa nimemdharau aliyenipa mke."

Sisemi kwamba watu wote wa kaskazini walishika hivyo. Sisemi. Nyumba na nyumba. Lakini nyumba ya mama Alanyo ilishika hivyo, na Onen akaapa hivyo, na Olal alikuwa shahidi.

Sasa fikirini. Huyu ni golikipa. Kazi ya golikipa nusu yake ni mdomo. Beki wake wa kati, aliye mbele yake kabisa, ndiye mtu mmoja tu duniani asiyeweza kumwita.

Nilimtafuta mzee Uthman, aliyekuwa beki wa kulia wa timu ya polisi na wa Korongo. Siku hizi anashona suruali hapa hapa Old Kampala, chini ya msikiti. Alicheka kidogo. Akaniambia, "Bibi, kocha alikasirika sana mwanzoni. Alimwambia Onen, 'Kipa haombi, kipa anaamuru.' Onen akasema, 'Kocha, huyu siwezi kumwamuru.' Kocha akauliza, 'Basi nani amwamuru, mimi na tumbo hili niingie uwanjani?' Tukacheka wote. Onen akasema, 'Nitapiga makofi.'"

Na kweli. Walitengeneza njia yao. Onen alipiga makofi na glavu zake. Kofi moja, maana yake niachie mpira. Makofi mawili, maana yake uondoe. Uthman anasema ule mlio wa glavu ulikuwa kama mtu anayekung'uta mkeka. Kwenye uwanja wa polisi, watu mia mbili wameketi kwenye nyasi, ulisikika vizuri. Walicheza msimu mzima hivyo bila ajali. Kocha akaacha kugomba. Wachezaji wengine wakaona ni jambo la kuchekesha, basi.

Sasa niseme kidogo juu ya Korongo wenyewe, kwa wajukuu ambao hawakuwapo.

Uganda si nchi ndogo kwenye mpira. Vikombe vya majirani zetu wa Afrika Mashariki na Kati tumevichukua mara nyingi. Kombe kubwa la Afrika, mwaka 1978, Korongo walifika fainali, wakafungwa na Ghana. Baada ya hapo tulikaa miaka thelathini na tisa bila kurudi kwenye kombe hilo, mpaka 2017. Thelathini na tisa. Mtoto amezaliwa, ameoa, ana mvi ya kwanza. Tatizo letu, wajuzi wanasema, ni mechi za mtoano, na mechi zile za mwisho ambazo ni kama mtoano, zile ambazo ukifungwa unafunga mizigo. Kwenye makundi tunacheza. Tunapata pointi hapa, sare pale. Ikifika siku ya kubaki au kuondoka, miguu inakuwa ya watu wengine. Sijui kwa nini. Ningejua, ningekuwa kocha, nisingekuwa bibi.

Mapema miaka ya tisini kulikuwa na kombe moja la mwaliko. Lilichezwa mara moja likafa, hata vitabuni sidhani kama limo. Lakini siku zile Kampala ilikuwa imetoka vitani, watu walikuwa na njaa ya furaha yoyote. Timu za mbali zilikuja. Korongo wakapita kwenye kundi lao. Wakafika nusu fainali. Mechi ikawa Nakivubo.

Watu elfu thelathini, anasema Uthman. Wengine walikuwa juu ya kuta. Ngoma kila upande. Anasema uliongea na mwenzako mkiwa mmegusana mabega na hukumsikia.

Hakuna bao mpaka mwishoni. Onen alidaka mikwaju miwili ambayo watu waliizungumzia hata baada ya yote kuharibika. Kisha ukaja mpira mrefu kutoka kushoto. Mpira wa kawaida tu. Olal alikuwa anarudi nyuma, uso juu, tayari kuupiga kichwa. Onen alikuwa ametoka golini, mikono mbele, tayari kuudaka. Wangeachiana, mmoja angeuchukua. Olal akasimama. Alisimama na kugeuza kichwa. Mpira ukampita sikioni, ukamkuta Onen katikati ya hatua, ukadunda kati yao wawili. Mshambuliaji wa wageni akausukuma ndani kwa goti. Goti, Bibi, anasema Uthman. Hata haukuwa mguu.

Bao moja kwa bila. Korongo wakatolewa. Narudia: nusu fainali, Nakivubo, bao moja kwa bila, na lile bao lilipita katikati ya Onen na Olal.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo kocha wa Korongo aliuliza swali moja tu. Alimwangalia Onen, akamwangalia Olal. Akasema, "Aliita au hakuita?"

Onen akavua glavu. Olal alikuwa anafungua kamba za viatu.

Uthman anasema, "Mimi nilikuwa upande wa pili. Sikusikia kofi wala sauti. Kwa zile ngoma nisingesikia hata kama angeita malaika."

Nje, mtangazaji wa redio alimshika Olal na kumwuliza swali lile lile. Olal akasema, "Sina la kusema." Mtangazaji akamfuata Onen. Onen akasema, "Nawaomba radhi watu wa Uganda." Mtangazaji yule akarudi kwenye kipaza sauti na kusema kwamba kipa wa Uganda amekuwa bubu siku ambayo nchi ilihitaji sauti yake.

Jina likashika hapo hapo. Kesho yake watoto waliliimba barabarani.

Maana habari za ukwe wao zilikuwa zimeshajulikana. Wachezaji walikuwa wamezisimulia kwa kucheka, na mji ukazichukua bila kucheka. Watu wakajumlisha wenyewe: huyu hakuita kwa sababu anamheshimu shemeji yake. Alipiga makofi kwenye ngoma za watu elfu thelathini. Amependa ukwe kuliko nchi. Na wengine walimalizia kwa yale maneno mabaya ya wakati ule, kwamba mtu wa kaskazini nchi hii haimwumi. Yule muuza nyanya wa Nakasero alimwambia Akullo, "Nyanya za golikipa zimekwisha." Akullo alihamia soko jingine, la mbali.

Onen hakuitwa tena timu ya taifa. Olal aliitwa mara mbili, akakataa, akahamishiwa Lira kikazi, akabaki huko.

Kabla hajaondoka, Akullo alimkuta kwa mama yao. Mama Alanyo alikuwa anachambua ufuta kwenye ungo. Akullo akasimama mlangoni na kusema, "Kaka, nijibu. Aliita au hakuita?"

Olal akachukua kofia yake.

Akullo akasema, "Nataka kujua kwa sababu kama hakuita, mimi ndiye niliyemfunga mdomo. Mimi na mama. Angeoa mwanamke mwingine, angekuwa na sauti."

Mama Alanyo hakuinua macho kwenye ungo. Olal akapita ubavuni mwa dada yake, akatoka. Hakukanyaga tena nyumbani kwa Akullo. Kila Krismasi aliwatumia gunia la ufuta kwa basi la Lira, bila salamu. Akullo aliwapikia watoto. Yeye mwenyewe hakuula.

Alimwuliza mume wake pia. Onen alimjibu, "Hilo swali si langu kulijibu. Na usimwulize kaka yako tena, ni shemeji yangu." Basi. Walilala kitanda kimoja, walizaa, walizika mtoto mmoja, walizeeka, na lile swali lililala katikati yao.

Wasikilizaji wapendwa, mimi nilimfahamu Onen baadaye sana, nilipokuja Kyebando nikitoka Bukavu na mabegi yangu mawili. Alikuwa amestaafu upolisi, analinda lango la ofisi moja Nakasero. Alikuwa mtu wa kucheka, tena wa kutania. Mwezi wa sita mwaka huu Korongo walipowafunga Kongo mabao mawili kule Misri, alinisubiri njiani jioni ile. Akasema, "Bibi, pole na msiba. Wakongo wako tumewapiga mbili." Nikamwambia, "Mzee Onen, hao waliocheza siwajui, mimi wa kwetu walibaki nyumbani." Akacheka mpaka akashika ukuta.

Mwaka huu ndio Korongo walitoka kwenye kundi, mara ya kwanza tangu 1978. Mechi ya mtoano, Senegali. Mnakumbuka wote. Bao moja kwa bila, tukatolewa. Tulicheza kiume lakini tukatolewa. Asubuhi yake vijana wa kituo cha boda boda walikuwa na hasira za kutafuta pa kuziweka. Mmoja akamwona Onen anakwenda kazini, akasema kwa sauti, "Bubu, na jana ulikuwa golini?" Kijana mwenyewe alikuwa hajazaliwa siku ya Nakivubo. Lile jina alilirithi tu, kama watu wanavyorithi godoro.

Onen alisimama. Nilikuwa pale napima mkaa. Akamwambia, "Kipa wetu jana amecheza vizuri. Usimseme. Televisheni inakuonyesha mikono ya kipa, haikuletei sauti yake." Kisha akaenda kazini.

Binti yake, Docus, ni mwalimu wa watoto wadogo. Aliniambia kitu ambacho sikukijua. Kila Jumamosi baba yake alikuwa anawafundisha wasichana wa Kyebando kudaka mpira, kwenye kiwanja kile chenye mteremko nyuma ya duka la dawa. Docus alikuwa mmoja wao. Anasema, "Baba hakuanza na mikono. Alianza na sauti. Alitusimamisha mmoja mmoja golini bila mpira, tukaita majina ya wenzetu mpaka majirani wakalalamika. Aliyeita kwa aibu alirudia. Nilimwuliza, baba, mbona wanasema wewe hukuita? Akaniambia, 'Docus, rudi golini.'"

Kifua kilimsumbua mwezi wote wa saba. Jumanne mchana alimwomba Akullo chai ya rangi, akainywa nusu. Akullo alikwenda kuongeza sukari. Aliporudi, kikombe kilikuwa kimesimama salama kwenye kiti, na Onen ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

Alikuwa na miaka sitini na mbili.

Kwa Akullo, kwa Docus na ndugu zake, kwa ukoo wote kule Kitgum, kwa mzee Uthman na wachezaji waliobaki wa kikosi kile, redio hii inawapa pole. Bambi, poleni sana. Mmempoteza mtu mpole. Na sisi wengine tumempoteza mtu tuliyemlaumu miaka mingi kwa jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelisikia.

Nawaomba jambo moja. Korongo watacheza tena. Watafika tena kwenye mtoano, Mungu akipenda, na siku moja watapita. Lakini iko siku watafungwa vilevile, kwa sababu kila mechi ya mtoano lazima mmoja aondoke. Siku hiyo, kabla hujamtafuta wa kumbandika jina, kaa kidogo. Jiulize umejuaje. Ulikuwa karibu kiasi gani? Jina unalompa mtu kwa hasira ya siku moja, mke wake atalisikia sokoni akiwa mzee, na watoto wake watalisikia shuleni.

Nimebakiza kidogo. Haya ninayoyasema sasa yalitokea Alhamisi alasiri, Kyebando, kwenye turubai la msiba, siku moja kabla ya kumpeleka Kitgum. Nilikuwapo. Akullo ameniruhusu kuyasema. Na kaka yake ameniruhusu pia, tena yeye ndiye aliyeniambia, "Bibi, useme redioni, kwa sababu redioni ndiko alikopewa lile jina."

Olal alikuja na basi la Lira. Alishuka kwa fimbo. Nywele zote nyeupe. Kwenye msiba ule wakwe walikuwa wamewekewa viti vyao pembeni, vyenye vitambaa, na watu wakamwonyesha kiti. Hakukaa. Alipita kati ya watu, wanawake wakasogeza miguu, akafika kwenye mkeka alipoketi dada yake karibu na jeneza. Akaweka fimbo chini. Akakaa chini kwenye mkeka, mzee mzima, mkwe mzima, kwa shida, Docus akimshika mkono. Waliokuwa wanaimba wakapunguza sauti, kisha wakaacha.

Akullo hakumsalimu. Akauliza, kwa Kiswahili kile kile cha kambini cha utoto wao, ili wote pale tusikie.

"Kaka. Aliita au hakuita?"

Olal aliweka mkono juu ya jeneza.

"Aliita," akasema. "Hakupiga makofi. Aliona hayatasikika. Aliniita jina langu, Akullo. Olal, niachie. Nilimsikia vizuri kama ninavyokusikia wewe. Na mimi nikasimama, nikageuka kumtazama shemeji gani huyu anayethubutu kuniita jina mbele ya watu. Mpira ulipita nikiwa namtazama yeye."